Ofa mbili mezani, deni moja nyuma: nisaini wapi?

Barua

Mshauri, salaam.

Mimi ni pointi gadi, yaani mpanga mashambulizi, umri miaka 29, urefu sentimita 188. Huu ni msimu wa sita nacheza kikapu cha kulipwa nje: klabu tano, nchi nne. Sijawahi kuwa nyota wala sijidanganyi. Mimi ni yule anayepigiwa simu Novemba mtu akiumia, aje azibe pengo hadi Mei.

Msimu uliopita nililipwa vizuri mpaka Februari. Machi na Aprili sikuona kitu. Mshahara ulikuwa euro 2,800 kwa mwezi, kwa hiyo nadai 5,600. Siku ya kuondoka meneja alinikabidhi tiketi ya ndege pamoja na karatasi ya kurasa mbili kwa lugha yao, akasema ni taratibu za kurudisha nyumba na gari. Nikasaini. Niliipiga picha, ila mpaka leo sijui inasema nini. Wakala wangu ananiambia niachane na hilo deni, eti soko ni dogo, nitaharibu jina.

Sasa ni Agosti na nina ofa mbili. Ya kwanza ni ligi kuu, klabu ya katikati ya msimamo: euro 4,500 kwa mwezi, miezi tisa. Wanataka niende kwanza kwa majaribio ya wiki mbili. Halafu mkataba una sehemu mbili: mmoja wa euro 1,200 ndio utakaopelekwa shirikisho, mwingine wa 3,300 unaitwa wa haki za taswira (yaani kutumia jina na picha yangu), na umeandikwa kwa jina la kampuni nisiyoifahamu. Ya pili ni daraja la pili katika nchi nyingine: euro 3,000, miezi kumi, nyumba, gari la kutumia na mwenzangu, tiketi mbili za ndege, mkataba mmoja.

Wakala anaiponda ya pili. Anasema nikishuka daraja sipandi tena. Mke wangu naye anasema 4,500 ni 4,500. Nisaini wapi, deni langu nilifanyeje, na kwa umri huu nimebakiza miaka mingapi?

Wenu, Masanduku Mawili

Jibu

Ndugu Masanduku Mawili,

Tuanze na ile karatasi, kwa sababu bila kujua inasema nini, mazungumzo yote ya deni ni kubahatisha. Mpelekee mtafsiri aliyesajiliwa, si programu ya simu, maana neno moja la kisheria linaweza kubadilisha kila kitu. Kurasa mbili hazitakugharimu sana. Mwambie atafute sentensi za aina tatu: kwamba mkataba umevunjwa kwa maridhiano, kwamba umelipwa stahiki zako zote, au kwamba huna dai lolote dhidi ya klabu. Ikiwa inazungumzia funguo na gari tu, dai lako liko hai. Ikiwa kuna moja ya hizo tatu, dai limepata kilema. Unaweza kujitetea kwamba hukusoma lugha ile na hakuna senti uliyopewa, lakini utetezi huo hauna uhakika na mwanasheria atakutoza ili kuujaribu.

Mtego huu ni wa kawaida. Mchezaji ana ndege ya saa kumi na moja alfajiri, mabegi yako kwenye buti la gari, meneja ameshika tiketi mkono mmoja na kalamu mkono mwingine. Siku nyingine kumbuka kwamba tiketi ya kurudi iko ndani ya mkataba wako. Si zawadi ya kubadilishana na sahihi. Hata barua ya ruhusa ya uhamisho haipaswi kushikiliwa kwa ajili ya karatasi kama hiyo. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, shirikisho la nchi linaweza kuikataa kwa sababu moja tu: kwamba bado una mkataba unaoendelea na klabu. Ukilazimika kusaini, andika kwa mkono juu ya sahihi yako, kwa lugha unayoijua: "Nimerudisha funguo na gari tu. Mishahara ya Machi na Aprili haijalipwa." Weka tarehe, piga picha.

Tukidhani karatasi ni safi, fungua mkataba wa msimu uliopita, nenda kurasa za mwisho, utafute kifungu cha migogoro. Unatafuta herufi BAT. Hicho ni chombo cha usuluhishi cha mpira wa kikapu kilichoanzishwa na FIBA mwaka 2007 kwa jina la FAT, kikaitwa BAT tangu 2011, makao yake Geneva. Kesi husikilizwa na msuluhishi mmoja, kwa kawaida kwa maandishi tu na kwa Kiingereza, na mara nyingi huamuliwa kwa kuangalia haki na usawa badala ya sheria ya nchi ya klabu. Kwa mchezaji mgeni huo ni unafuu mkubwa: huhitaji kurudi kule kusimama mahakamani. Ila BAT haina mamlaka kama kifungu hakipo. Bila hicho kifungu unabaki na vyombo vya shirikisho la nchi ile au mahakama zake, na wakili wa kule kule.

Hesabu yake nayo uijue. Kufungua dai kuna ada ambayo BAT yenyewe hairudishi, na hata kwa dai dogo inazidi euro elfu moja. Baadaye pande zote mbili hutakiwa kuweka amana ya gharama. Klabu zisizolipa mishahara hazilipi amana pia, na hapo mchezaji ndiye huambiwa aweke na sehemu ya klabu ili kesi iendelee. Ukishinda, msuluhishi anaweza kuiamuru klabu ikurudishie gharama hizo, lakini kwa miezi kadhaa fedha zinatoka mfukoni mwako. Kwa dai la 5,600 hiyo ni hesabu nyembamba. Kwa hiyo usianze na kesi. Anza na barua ya madai, na uitume wiki hii.

Kwa nini wiki hii? Kwa sababu ni Agosti. Klabu ikipuuza hukumu ya BAT, FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji kutoka nje, na huu ndio mwezi klabu yako ya zamani inasajili. Meneja ambaye Mei hakupokea simu, sasa ana jambo la kupoteza. Barua pepe iende kwenye anwani rasmi ya klabu iliyo ndani ya mkataba, nakala kwa rais wa klabu na kwa wakala wako:

"Kwa mujibu wa mkataba wetu, mishahara ya Machi na Aprili, jumla euro 5,600, haijalipwa. Naomba ilipwe ndani ya siku 15 kuanzia leo kwenye akaunti ileile. Nipo tayari kupokea kwa awamu mbili zenye tarehe. Isipolipwa, nitafungua dai BAT kudai kiasi chote pamoja na riba na gharama."

Acha hapo. Usitukane, usitishie magazeti, usiandike kwenye mitandao. Ambatisha taarifa ya benki inayoonyesha malipo ya mpaka Februari, na ukurasa wa mkataba wenye ratiba ya mishahara. Wakikupa awamu mbili, waandike kwamba ya kwanza ikichelewa deni lote linadaiwa papo hapo. Na usilaze jambo hili miaka mitatu; dai lililolala huulizwa kwa nini lililala.

Kuhusu kuharibu jina: mameneja wanaolipa hawamwogopi mchezaji aliyedai mshahara wake kwa barua ya heshima. Muulize wakala swali moja, bila hasira: klabu ile imemlipa ada yake? Ulaya desturi ni asilimia 10 ya mshahara, na mara nyingi klabu ndiyo huilipa. Kama yeye alishapata chake, au ana mchezaji mwingine anayetaka kumpeleka palepale, utaelewa ushauri wake unatoka wapi. Hakikisha pia ana leseni ya FIBA; orodha ya mawakala iko wazi kwa umma.

Sasa ofa. Mkeo yuko sahihi kwamba 4,500 ni zaidi ya 3,000. Lakini hujapewa 4,500. Umepewa 1,200 na ahadi ya 3,300. Kwa miezi tisa, karatasi inasomeka 40,500. Kati ya hizo, klabu yenyewe inawajibika kwa 10,800. Zile 29,700 ziko kwa kampuni isiyo na uwanja, haina timu, na huenda haina hata ofisi. Ofa ya pili ni 30,000 zote kwa sahihi ya klabu.

Mikataba ya taswira si haramu yenyewe. Klabu nyingi huitumia kupunguza kodi na michango ya hifadhi ya jamii. Tatizo linakuja mambo yakiharibika. Kampuni ikichelewa, shirikisho linajua mshahara wako ni 1,200 na umelipwa. Ukienda BAT, aliyesaini kifungu ndiye anayeshtakiwa. Kampuni isiyosaini haimo. Ukichanika kano ya goti, malipo ya bima ya jamii huenda yakakokotolewa kwa 1,200. Na mtu wa kodi akiona fedha nyingine zikiingia, anakuuliza wewe, kwa sababu akaunti ni yako.

Kama bado unaitamani ligi kuu, mwambie wakala apeleke masharti matatu na kuwapa siku tatu. Klabu isaini mkataba wa taswira kama mdhamini anayewajibika sawa na kampuni. Kifungu cha BAT kiwe katika mikataba yote miwili. Na kiandikwe kwamba kuvunjwa kwa mmoja ni kuvunjwa kwa wote. Klabu yenye nia ya kulipa haipotezi chochote kwa kukubali. Wakisema "hapa kila mtu anasaini hivi", umeshajibiwa.

Majaribio ya wiki mbili nayo yana walakini. Katikati ya Agosti klabu inahitaji watu kumi wa kufanya mazoezi huku nyota wake wakiwa bado na timu za taifa, na mchezaji wa majaribio ni mwili wa bure. Ukiumia siku ya tano, hakuna mkataba wala bima. Tena huenda wasisaini mtu yeyote. Njia ya kawaida ni mkataba kusainiwa kabla hujapanda ndege, ukiwa na sharti moja tu: kufaulu vipimo vya afya ndani ya saa 48 au 72 tangu ufike. Kifungu kiseme wazi kwamba muda huo ukipita, au wakikuingiza mazoezini kabla ya vipimo, umehesabiwa umefaulu. Bila maneno hayo, daktari wa klabu anaweza "kugundua" goti lako wiki ya sita, baada ya kufungwa mechi nne mfululizo. Nenda na picha zako za MRI za zamani na ripoti ya moyo, na uandike haki ya kupata daktari wa pili. Ukikubali majaribio hata hivyo, pata kwa maandishi tiketi ya kwenda na kurudi, bima ya matibabu, tarehe ya jibu, na aina ya viza. Viza ya utalii si ya kazi, na anayerudishwa kutoka uwanja wa ndege ni wewe, si meneja.

Hoja ya wakala kuhusu daraja ina ukweli, lakini ameisema nusu. Kocha anayetafuta gadi Januari anaangalia vitu viwili pamoja: ligi uliyocheza na dakika ulizocheza. Mechi ya FIBA ina dakika 40, wachezaji watano uwanjani. Hizo ni dakika 200 za kugawana. Katika timu ya ligi kuu yenye wageni wengi, gadi wa tatu hupata 12 au 14, anaingia baridi, anapoteza mpira mara mbili, anarudi benchi. Ujerumani, kwa mfano, kati ya wachezaji 12 wa mechi, sita lazima wawe wenyeji, kwa hiyo wageni sita wanagombania muda. Serie A2, daraja la pili la Italia, timu ina wageni wawili tu, na aliyelipiwa nafasi hiyo anacheza, apende asipende. Katika ofa yako ya pili uliza idadi ya wageni na nafasi zao. Kama wewe ndiye pointi gadi pekee wa kigeni, tarajia dakika 30, na mechi nzima ishirini za video zenye ulinzi wako, ambazo kocha mpya atazitazama kuliko ule mkusanyiko wa dakika tatu wenye muziki.

Njia hii haimzuii mtu kupanda. Mmarekani P.J. Tucker alichaguliwa na Toronto ya NBA mwaka 2006, akaachwa, akazunguka Israel, Ukraine, Ugiriki, Italia na Ujerumani, akarudi NBA mwaka 2012 na Phoenix, na mwaka 2021 akawa bingwa na Milwaukee. Si kila mtu ni Tucker. Upande wa pili yuko Mtanzania Hasheem Thabeet, chaguo la pili la NBA mwaka 2009, aliyekuja kucheza Japani na Taiwan. Wasifu wa kuzunguka huenda juu, chini na pembeni, na mara nyingi kinachoamua ni kanuni kuliko kipaji. Ligi ya Korea Kusini msimu wa 2018-19 ilikataza mgeni yeyote anayezidi sentimita 200. Msimu uliofuata ikaiondoa sheria hiyo. Hilo limepita, ila ujue Japani nafasi za wageni kwa sehemu kubwa hupewa warefu wa chini ya kikapu, kwa hiyo wakala asikupotezee majira huko. Mpe pia nakala ya pasi yako mapema. Hispania na Ufaransa, kwa miaka mingi, pasi za nchi zilizokuwemo kwenye mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000, kati ya Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, zimehesabiwa tofauti na za wageni wengine, na wapo mawakala ambao hawajawahi kuliuliza hilo.

Kwa hiyo, kama klabu ya kwanza haitakubali yale masharti matatu, saini ya pili. Lakini nayo irekebishe. Tarehe ya mshahara iandikwe, si "mwisho wa mwezi". Malipo yakichelewa siku 15 uwe na haki ya kutofanya mazoezi wala kucheza. Yakifika 30, uwe na haki ya kuondoka, mishahara yote iliyobaki idaiwe, na barua ya ruhusa itoke bure. Ukitumia haki hiyo, toa notisi kwanza. Wachezaji wengi hukasirika, wakapanda ndege bila kuandika mstari, na wao ndio wakahesabiwa wamevunja mkataba. Euro 3,000 ziwe baada ya kodi, na klabu ikupe cheti cha kodi iliyolipwa kila mwaka. Bila hicho, nchi yako inaweza kukutoza upya. Ukiumia kazini, mshahara uendelee hadi mwisho wa mkataba. Na kwa hofu ya wakala, weka mlango: hadi tarehe 31 Desemba unaweza kwenda ligi ya juu zaidi kwa klabu mpya kulipa kiasi kilichotajwa, tuseme euro 5,000. Kiasi kisipotajwa, kitatajwa siku ambayo huna nguvu ya kukipinga.

Uliza nani analipa umeme na joto la nyumba. Linaonekana dogo hadi Januari, bili inapokatwa kwenye mshahara. Gari la watu wawili: majina yote mawili yawe kwenye bima, na mjue nani analipa sehemu ya ajali ambayo bima hailipi.

Umri? Gadi wa aina yako, anayeishi kwa kusoma mchezo kuliko kuruka, anaweza kufika 34 au 35 magoti yakitunzwa. Angalia soko kuliko kalenda: kama majira mawili mfululizo ofa ya kwanza inakuja baada ya Oktoba na kwa bei ya chini kuliko ya nyuma, soko limeshaamua. Ukihitaji fedha za majira ya joto, Puerto Rico na New Zealand zina ligi miezi ambayo Ulaya imelala, ila usifanye hivyo miaka miwili mfululizo bila kupumzika. Na kati ya mkataba mmoja na mwingine hakuna klabu inayokukatia bima. Ikate mwenyewe kwa Juni na Julai, kwa sababu ndiyo miezi wachezaji wanaumia kwenye viwanja vya mtaani.

Ukifika nyumba mpya, kabla ya kufungua hata sanduku moja, piga picha kila chumba, mikwaruzo ya gari na namba ya kilomita, uzitume kwa meneja siku hiyohiyo. Mei akikuletea karatasi nyingine ya kurudisha nyumba na gari, mtakuwa mnasoma kitu kimoja.